Anayejitolea naye huchoka

Katika kila kigango wapo watu wachache ambao majina yao hutajwa kila panapotokea kazi. Mgonjwa akizidiwa usiku, wanaitwa wao. Kukiwa na mzee asiye na mtoto wa kumfulia, wanatumwa wao. Kukiwa na semina ya siku tatu, wao ndio wanaopika, na baada ya watu kuondoka wao ndio wanaobaki kuosha masufuria. Kisha siku moja mtu wa namna hiyo haonekani. Akiulizwa, anasema kichwa kinamsumbua, au ana shughuli shambani. Baada ya miezi miwili anaacha kabisa, na sisi tuliobaki tunatoa hukumu: fulani amepoa, bidii yake ilikuwa moto wa mabua.

Mimi naona hukumu hiyo, mara nyingi, ni ya uonevu. Mtu huyo hakupoa. Amechakazwa na namna tulivyompangia kazi, au tuseme kweli, na namna tulivyokosa kumpangia. Tena haumii peke yake. Anaumia pia mama aliyepooza ambaye alikuwa akigeuzwa kitandani kila baada ya saa mbili, na sasa hageuzwi. Siku chache tu zinatosha kwa vidonda vya mgongo na makalio kuanza, na kidonda cha namna hiyo kikishaingia ndani ya nyama kinaweza kumwua mgonjwa hata kabla ya ugonjwa wenyewe. Kwa hiyo uchovu wa anayehudumia si habari ya hisia tu. Ni habari ya afya, na ndiyo maana nauleta katika ukurasa huu.

Saikolojia, yaani elimu inayochunguza nafsi ya mtu na mwenendo wake, imelitazama jambo hili kwa zaidi ya miaka 50. Wapo wanaodhani elimu hiyo ni ya hospitali za wagonjwa wa akili tu. Sivyo. Sehemu yake kubwa inahusu watu wazima wenye akili timamu wanaokwenda kazini, wanaolea watoto na wanaokaa kwenye vikao.

Aliyeufanya uchovu huu ujulikane sana ni Herbert Freudenberger, mwanasaikolojia aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1926 katika familia ya Kiyahudi na kukimbilia Marekani akiwa bado mtoto. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa akifanya kazi yake ya mshahara mchana, kisha jioni anakwenda kuhudumu katika zahanati ya bure jijini New York, ambako vijana wengi waliotumia dawa za kulevya walitibiwa. Waliohudumu pale walikuwa watu wa kujitolea. Freudenberger aliona kwamba baada ya mwaka mmoja hivi, wengi wao walibadilika. Mafua yao hayakwisha, vichwa viliwauma, usingizi uliwapotea. Walikuwa wepesi wa hasira na wepesi wa kulia. Yeye mwenyewe hakusalimika. Mwaka 1974 aliandika makala juu ya hali hiyo, na baadaye katika kitabu chake akaifananisha na jengo lililoteketea: kwa nje kuta zimesimama, ukiingia ndani ni majivu.

Liko jambo moja katika maandishi yake ambalo ningependa kila mwenye kuongoza watu alikumbuke. Aliona kwamba wanaoungua namna hiyo ni wale hasa wenye moyo mkubwa wa kazi. Mvivu haungui. Anayefika kwa kuchelewa na kuondoka mapema atakaa katika kikundi hata miaka 20. Anayeungua ni yule asiyeweza kusema hapana.

Mwaka 1981 Christina Maslach wa Chuo Kikuu cha California, pamoja na mwenzake Susan Jackson, walitoa kipimo cha uchovu huu ambacho kinatumika mpaka leo. Wanaeleza kwamba una sura tatu. Ya kwanza ni kuishiwa hisia: mtu anaamka asubuhi akiwa tayari amechoka, na akifikiri nyumba atakayoitembelea moyo unakuwa mzito. Ya pili ni kuanza kuwaona watu kama vitu. Ya tatu ni kujiona hufanyi lolote la maana.

Hiyo ya pili inatutia aibu, lakini tuitazame. Tumewasikia wauguzi wakisema “kitanda namba sita hajala”, kana kwamba kitanda kinakula. Tumewasikia walimu wakiliita darasa zima “haya mabumunda”. Karani wa ofisini hamtazami usoni mzee aliyesimama dirishani. Watu hawa hawakuzaliwa wakatili. Wengi wao waliingia kazini wakiwa na huruma kuliko sisi. Nafsi iliyoelemewa hujitengenezea gamba kama kobe ili isiumie zaidi, na gamba hilo mgonjwa hulikuta kama ukali. Karipio peke yake haliliondoi, maana kumkaripia aliyeelemewa ni kumwongezea mzigo. Mgonjwa anayo haki ya kuheshimiwa, na kosa lisemwe kuwa kosa. Lakini baada ya kulisema, kiongozi mwenye busara atauliza: huyu muuguzi anahudumia wagonjwa wangapi, na mara ya mwisho alipumzika lini?

Hiyo ya tatu nayo inahitaji kuelezwa, kwa sababu wagonjwa wa majumbani wamebadilika. Katika miaka ya 1990 waliowahudumia wagonjwa wa UKIMWI majumbani waliona vifo mfululizo. Hapakuwa na dawa, kazi ilikuwa kuosha, kulisha na kushika mkono. Tangu mwaka 2004 dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa bure hapa Tanzania, watu waliokuwa wamelala waliinuka, na wahudumu walipata furaha ambayo haielezeki. Leo vitandani mwetu wamo wengi wenye kiharusi, kisukari, saratani na uzee wenyewe. Wengi wao hawatainuka. Mhudumu anayesubiri mgonjwa apone atakata tamaa, kwa sababu anajipima kwa kipimo kisicho chake. Apewe kipimo kingine. Mgonjwa wa kiharusi aliyelala miezi minane na ngozi yake haina kidonda ni kazi iliyofanyika. Mzee aliyekunywa maji ya kutosha leo, asipate choo kigumu kesho, ni kazi iliyofanyika. Mambo haya yasiposemwa kwa sauti, mhudumu hatayaona.

Sasa nije kwenye namna tunavyogawa kazi, ambako ndiko naona kosa letu kubwa liko. Tangazo letu la kawaida husema: “Tunaombwa sote tumkumbuke mama yetu mgonjwa.” Sote! Hapo ndipo mgonjwa anapolala njaa.

Wanasaikolojia John Darley na Bibb Latané walilichunguza jambo hili nchini Marekani na kuchapisha matokeo yao mwaka 1968. Kilichowasukuma ni habari ya msichana Kitty Genovese, aliyeuawa jijini New York mwaka 1964. Gazeti liliandika kwamba watu 38 waliona au kusikia wasifanye kitu. (Baadaye iligundulika kwamba gazeti lilitia chumvi, na kwamba wapo waliojaribu kusaidia, lakini swali lililozuka lilikuwa la kweli.) Waliwaweka wanafunzi kila mmoja katika chumba chake, wakizungumza kwa vipaza sauti. Ghafla sauti mojawapo ikawa kama ya mtu aliyeanguka kifafa. Wale walioamini kwamba wao peke yao ndio wanaomsikia, 85 kati ya kila 100 walitoka kutafuta msaada kabla kifafa hakijaisha. Wale walioamini kwamba wapo wengine wanne wanaosikia, waliotoka mapema hivyo walikuwa 31 tu kati ya 100. Si kwamba waliosalia hawakuwa na huruma. Watafiti waliwakuta wakitetemeka na viganja vimelowa jasho. Ila kila mmoja alidhani mwenzake amekwisha kwenda.

Huko ndiko inakokwenda sentensi yetu ya “sote”. Familia 30 za jumuiya zinalala zikiamini kwamba familia nyingine imepeleka uji. Na kwa kuwa katika familia hizo 30 yupo mama mmoja asiyeweza kulala akiwa na shaka, ni yeye anayejifunga kitenge na kwenda. Leo, kesho, na mwaka mzima. Hivyo uvivu wa wengi na uchovu wa mmoja vinazaliwa na tangazo lile lile.

Watu huniambia: mbona wazee wetu walihudumia wagonjwa bila saikolojia? Ni kweli, lakini tazama walivyofanya. Na tazama tunavyofanya sisi wenyewe hata leo katika misiba. Mtu akifariki, kabla ya jua kuzama imepatikana kamati. Yupo wa daftari, yupo wa kuni na maji, wapo wa kuchimba kaburi, yupo wa kuonana na padre au shehe, yupo wa sanduku, yupo wa kupokea wageni wa mbali. Anayekwepa anajulikana kwa jina. Siku tatu au nne zinapita, kazi imekwisha, watu wanarudi makwao. Sijaona semina yoyote ya uongozi inayofundisha kugawa majukumu vizuri kuliko msiba wa kijijini. Darley na Latané wangekuja kukaa nasi kwenye mkeka wangepata mengi ya kuandika.

Lakini mgonjwa yule yule, alipokuwa hai amelala miezi kumi, hakuwa na kamati. Ugonjwa mrefu hauna daftari. Hauna siku ya kwanza inayojulikana wala ya mwisho, hivyo hakuna anayeitisha kikao. Tunamchangia mtu mamia ya maelfu akiwa amekwisha kufa, na akiwa hai anahudumiwa na mtu mmoja asiye hata na jozi ya glavu. Nimelisema jambo hili mahali pengine na wapo walionikasirikia. Nalisema tena: tuipeleke kamati ya msiba kwa mgonjwa angali anapumua. Karatasi moja ukutani yenye siku saba na majina saba ingetosha kuanzia. Jumanne ni zamu ya familia fulani, Alhamisi ni ya familia ile. Asiyeweza siku yake, yeye ndiye atafute wa kubadilishana naye, si mama yule yule wa kila siku.

Najua litakalofuata: “Basi tuweke faini kwa anayekosa zamu.” Vikundi vyetu vinapenda sana faini. Ningeomba twende polepole. Mwaka 2000 wachumi wawili, Uri Gneezy na Aldo Rustichini, walichapisha uchunguzi wao wa vituo 10 vya kulea watoto mchana mjini Haifa, nchini Israeli. Wazazi walikuwa wakichelewa kuwachukua watoto. Katika vituo sita ikawekwa faini ndogo. Wazazi waliochelewa wakaongezeka karibu mara mbili! Zamani mzazi aliona haya mbele ya mwalimu anayemsubiri, sasa alilipa na akajiona amenunua haki ya kuchelewa. Na faini ilipoondolewa, wazazi hawakurudia mwenendo wao wa kwanza. Haya iliyoondoka haikurudi. Nani kati yetu hajamwona mwanakikundi anayeingia kikao kikikaribia kufungwa, anaweka shilingi mia tano mezani na kukaa kwa raha?

Na fedha kwa upande wa kulipa je? Hapa mjadala ni mkali, na pande zote mbili huzidisha. Edward Deci, mwanasaikolojia wa Marekani, mwaka 1971 aliwaonyesha watu kitu cha ajabu. Aliwapa wanafunzi wa chuo fumbo la kupanga vipande, ambalo walilifurahia hata bila malipo. Baadhi yao akawalipa dola moja kwa kila fumbo. Alipoacha kulipa, hao waliolipwa walipunguza hata ule muda waliokuwa wakicheza kwa hiari yao. Fedha iliigeuza furaha ikawa kibarua. Lakini watu wanapoisimulia habari hii husahau nusu ya pili: waliosifiwa kwa maneno, wakaambiwa wamefanya vizuri, hamu yao haikupungua namna hiyo. Sifa ya kweli haidhuru kama dola.

Wapo wakubwa wanaoyachukua maneno ya Deci na kusema: mnaona, mkiwalipa watu mtawaharibu. Hapo siafikiani nao hata kidogo. Fumbo la vipande si kazi ya kutembea kilomita nane kila siku na mkoba wa dawa begani. Mtu akitakiwa siku tano kwa wiki, ajaze fomu, aandike taarifa na kusimamiwa, huyo ana ajira, na kumwita “wa kujitolea” ni kuficha mshahara wake. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaotaka wahudumu wa afya wa jamii walipwe kulingana na ukubwa wa kazi, saa wanazotumia na mafunzo waliyopata. Kenya, mwaka 2023, ilizindua wahudumu wake 100,000 kwa posho ya shilingi za huko 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Tanzania nayo ilizindua mpango wake wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii Januari 2024. Ni hatua njema, ingawa mhudumu hali uzinduzi, anakula posho inayofika.

Anayekwenda kwa jirani mara moja kwa wiki ni habari nyingine. Yeye hahitaji mshahara. Anahitaji nauli akitumwa mbali, sabuni, glavu, na mtu wa kumwambia neno mahususi. Nasema mahususi kwa makusudi. “Tunawashukuru wote waliojitolea” ni sentensi inayomwangukia kila mtu na kutomgusa yeyote. “Mama, tumeona jinsi ulivyomkata kucha mzee bila kumwumiza” ni sentensi ambayo mtu ataondoka nayo nyumbani. Shukrani ya punda ni mateke, na sisi binadamu tunaweza zaidi ya hapo.

Na anahitaji mahali pa kusemea. Daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda, wa Zimbabwe, mwaka 2006 alianza kazi na akina bibi 14 katika mtaa wa Mbare, Harare. Hawakuwa wataalamu, walikuwa wahudumu wa afya wa mitaani. Waliwekewa benchi nje ya zahanati, wakafundishwa kumsikiliza mtu mwenye kile ambacho Washona wanakiita kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, na sisi tunasema tu “ana mawazo”. Hawakumpa ushauri wa haraka. Walimsaidia kuchagua tatizo moja na kutafuta njia moja ya kuanzia. Utafiti uliofanyika katika zahanati 24 na kuchapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita, waliobaki na dalili za sonona kati ya waliokaa na bibi hao walikuwa wapata 14 katika kila 100, huku kati ya waliopata huduma ya kawaida wakiwa wapata 50.

Watu wengi huishia kwenye benchi. Mimi kinachonivuta zaidi ni kile kilicho nyuma ya benchi: wale bibi hawakuachwa peke yao na machozi ya watu. Walikutana kama kikundi, wakiwa na msimamizi, wakaeleza waliyosikia na kuulizana la kufanya. Kwetu mhudumu anatoka kumwosha mgonjwa wa saratani aliyekuwa akilia kwa maumivu, anarudi kwake, anapika ugali, na mume anauliza mbona chakula kimechelewa. Hana pa kulitua. Kikundi chochote cha kuhudumia wagonjwa kisicho na walau saa moja kwa mwezi ya wahudumu kusema yao, bila taarifa ya fedha na bila ajenda nyingine, kinajiandaa kuwapoteza watu wake. Waliosikia humo wajue kwamba siri ya mgonjwa haitoki nje.

Kuhusu idadi, kwa maoni yangu wagonjwa wawili wanamtosha mtu mwenye shamba na watoto. Na kila mhudumu apate mwezi mzima wa kupumzika katika mwaka, uliopangwa mapema, asiuombe kama anayeomba radhi.

Limebaki moja la kitabibu. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019, linauhesabu uchovu huu kuwa ni hali itokanayo na kazi, si ugonjwa. Sonona ni ugonjwa. Mara nyingi aliyechoka kwa kazi, akipumzika na mzigo ukipunguzwa, anarudiwa na nafuu, na mambo mengine ya maisha bado yanamfurahisha: anacheka na wajukuu, anafurahia chakula. Mwenye sonona hata hayo hayamfurahishi. Ikiwa kwa wiki mbili au zaidi mtu amekosa furaha katika kila kitu, halali au analala mno, hali, anajilaumu kupita kiasi, msimwambie apumzike tu au aongeze bidii. Aende kituo cha afya au hospitali ya wilaya, aeleze yote, kwa maana inatibika. Na akisema maneno ya kutamani kufa, hata kwa utani, apelekwe siku hiyo hiyo. Asiende peke yake, wala isisemwe kwamba “mtu ampeleke”. Atajwe kwa jina wa kumsindikiza, na saa ya kuondoka.